Mbao Mpya Katika Gari Kuukuu



Liko swali ambalo watu wa kale waliliuliza juu ya merikebu, na ambalo katika parishi yetu limeulizwa juu ya gari. Swali lenyewe ni hili: kitu kikitengenezwa kwa kuondolewa sehemu zilizooza na kutiwa nyingine mpya, je, ni kitu kile kile, au ni kingine kilichopewa jina la kwanza? Huenda wengine wakaona kuwa hili ni swali la watu wasio na kazi. Lakini ndugu watatu wa tumbo moja wamekaa miezi mingi hawasemezani vizuri kwa ajili yake, na kwa kuwa mambo ya namna hii yamo katika nyumba nyingi, tumeona yafaa tulifikiri pamoja. Jina la familia hatutalitaja, nao wametupa ruhusa ya kueleza habari zao kwa jinsi hiyo.

Marehemu baba yao, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliacha nyumba, ng'ombe wachache, na gari la aina ya Morris Minor Traveller alilolinunua Nairobi likiwa limekwisha kutumika, akaja nalo mwenyewe kwa njia ya Sirari na Musoma. Wazee wenzetu wanazikumbuka Morris Minor. Zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, zikiwa kazi ya mhandisi Alec Issigonis, na kabla ya kuachwa zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu. Aina ya Traveller ilitoka mwaka 1953 na kuendelea hadi 1971. Sehemu yake ya nyuma imejengwa kwa fremu ya mbao za mti uitwao eshi. Mbao hizo zimepakwa vanishi na zinaonekana nje, na katikati yake yamewekwa mabati ya alumini.

Watoto mitaani hudhani kuwa mbao zile ni mapambo. Sivyo. Fremu ile ndiyo inayobeba paa na mabati ya ubavuni, na milango miwili ya nyuma imefungwa kwayo. Kwa kanuni za ukaguzi wa magari huko Uingereza, mbao iliyooza mahali panapobeba uzito huhesabiwa kosa sawasawa na chuma kilicholiwa na kutu.

Wala si ajabu gari kujengwa kwa mbao. Bodi za magari ya kwanza zilijengwa na mafundi wale wale waliokuwa wakijenga magari ya kukokotwa na farasi, nao walifanya kama walivyozoea: fremu ya mbao ndani, bati juu. Hata gari mashuhuri la Ford T lilikuwa na mbao nyuma ya bati, na kampuni ya Ford ilikuwa na misitu yake yenyewe katika jimbo la Michigan. Bodi za chuma kitupu zilianza kushika njia baada ya Edward Budd wa Philadelphia kuanza kuwatengenezea Dodge mwaka 1914. Hata leo kiwanda cha Morgan, huko Malvern, Uingereza, hutumia fremu za eshi. Na sisi wa Mwanza tumeyaona malori mengi yenye bodi za mbao zilizopigwa na maseremala wetu wenyewe, kwa hiyo tusiseme kuwa jambo hili ni la ugenini.

Sasa tuone mbao ile iliozaje. Mbao haiozi kwa sababu ya uzee. Inaoza kwa sababu ya kuvu, na kuvu haliwezi kula mbao kavu. Maji yaliyomo katika mbao yakiwa chini ya sehemu 20 kwa 100 ya uzito wake mkavu, mbao hukaa miaka mingi bila kuharibika. Eshi ni mbao nyepesi, ngumu, inayokubali kupindwa, lakini haivumilii unyevu. Vioo vya ubavuni vya Traveller hufunguliwa kwa kusukumwa, navyo hupita katika mfereji mdogo. Mfereji ukizibwa kwa uchafu, maji ya mvua hukaa humo, kisha huteremka mpaka ubao wa chini na kuutafuna polepole chini ya vanishi. Baba yao alipokuwa na afya alikuwa akiusafisha mfereji ule kwa kijiti. Alipougua, gari lilisimama chini ya mwembe misimu kadhaa ya masika na vuli, na majani yakafanya kazi yake. Baada ya matanga bisibisi iliweza kuzama katika ubao wa chini mpaka kwenye mpini. Methali yetu ya ufa na ukuta sote twaijua.

Hapo ndipo ndugu walipotofautiana. Mkubwa wao, akaaye hapa Mwanza, alisema mbao zote zing'olewe kwa siku moja zitupwe, mahali pake pachomelewe mabomba ya chuma, bati jipya lipigwe juu, kisha yapakwe rangi ya kahawia yafanane na mbao. Gharama yake ni ndogo, na gari litatembea.

Dada yao, ambaye ni mwalimu huko Geita, alisema lisiguswe. Mbao zile ndizo alizozishika baba, akazisugua kwa msasa, akazipaka vanishi mwenyewe. Zikiondolewa, kitakachobaki si gari la baba. Heri lioze likiwa lake kuliko lisimame likiwa la mwingine.

Mdogo wao, afanyaye biashara Dar es Salaam, alisema wako watu wanaotafuta magari ya kale, nao hulipa fedha nzuri wakiambiwa kuwa kila kitu ni cha asili. Basi palipooza pajazwe puti, papigwe msasa, vanishi ipakwe juu, gari liuzwe kabla ya masika.

Wasomaji wasiharakishe kumcheka yeyote. Mkubwa anasema kweli kwamba gari lisilotembea halimsaidii mtu. Dada anasema kweli kwamba kitu cha mzazi si bidhaa kama bidhaa nyingine. Na mdogo anasema kweli kwamba familia ina ada za shule za kulipa. Swali ni kama ukweli mmoja unaweza kuachiwa uimeze mingine yote.

Walipotutaka shauri, tulifuatana nao mpaka kwa fundi mmoja wa mitumbwi na mashua, afanyaye kazi ufukoni upande wa Kirumba. Tulimchagua kwa sababu mafundi gari wengi wa siku hizi hawajawahi kushika mbao, lakini mtu wa mashua hushinda nayo. Fundi alilizunguka gari kimya, akigonga kila ubao kwa mpini wa bisibisi na kutega sikio. Ubao mzima hulia kwa sauti kali, uliooza hutoa sauti nzito kama ya gunia. Kisha mkubwa alimweleza shauri lake la kung'oa vyote. Fundi akamjibu kwa upole, "Sawa, kaka. Lakini nikiving'oa vyote kwa siku moja, kipimo nitakitoa wapi?"

Mkubwa hakuwa na jibu, na sisi pia tulinyamaza. Fundi akatueleza. Gari hili halina mchoro hapa. Kipimo cha kila ubao kiko katika ubao ulio jirani yake. Ukiziondoa mbao zote, paa hushuka kidogo, mabati hutanuka, na hata ukichonga mbao nzuri namna gani, milango haitafungika tena. Kwa hiyo kazi yake huenda hivi. Kwanza hutegemeza paa kwa nguzo kutoka ndani, hupima nafasi iliyo pembeni ya kila mlango, na kuandika. Kisha hutoa ubao mmoja tu. Ubao huo, hata ukiwa umeoza kiasi cha kuvunjika mkononi, haurushi. Huulaza mezani, huunganisha vipande vyake, na kuuchora juu ya karatasi ngumu. Kama nusu yake ni nzima, hukata mshazari na kuunga kipande kipya, ili kisitupwe kilicho chema pamoja na kibovu. Huujaribu ubao mpya bila gundi, hufunga mlango, hutazama. Ukikubali, ndipo hutia gundi na skrubu, hupaka vanishi pande zote hata upande usioonekana, ndipo huenda kwa ubao wa pili. Alisema kuwa hata katika mashua mtu hang'oi mataruma mawili yanayofuatana kwa mpigo mmoja. Moja hubaki limeshika umbo wakati lingine linapobadilishwa.

Sisi tuliotumia maisha yetu kufundisha watu watakaokuwa walimu tuliliona neno lile kuwa na falsafa kubwa, hata kama msemaji hakukusudia falsafa. Na ili tuione vizuri, yafaa turudi kwa watu wa kale.

Mgiriki mmoja, Plutarch, aliyeandika yapata miaka 1900 iliyopita, asimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus, merikebu ya makasia 30. Kila ubao ulipooza waliuondoa na kutia mwingine mzima. Wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakasema ni merikebu ile ile, wale wakakana. Katika mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliliongezea swali hilo ugumu. Alisema, tuseme mtu amezikusanya zile mbao kuukuu kila zilipotolewa, akaziunga tena kwa mpango ule ule. Sasa ziko merikebu mbili. Ipi ni ya Theseus?

Tukitafuta jibu katika mbao peke yake, hatutafika. Damu iliyo katika miili yetu haikai. Chembe zake nyekundu huishi siku kama 120 tu, kisha nyingine huchukua nafasi zao. Lakini mtu aliyekopa mwezi wa Januari hawezi kumwambia mdai wake mwezi wa Desemba, "Yule uliyemkopesha hayupo tena, damu yake imekwisha." Vivyo hivyo na chuo. Katika miaka michache wanafunzi wote hubadilika, na katika miaka 40 wakufunzi wote pia, hata mabati na madirisha. Lakini chuo ni kile kile, kwa sababu kila waliofika waliwakuta waliotangulia, wakaonyeshwa desturi, wakapokea madeni na heshima vyote pamoja. Kinyume chake, majengo yakibaki yamesimama, lakini watu wote wakatawanyika na wengine wakaja baada ya miaka 20 kufungua ghala la pamba, kuta ni zile zile, wala hakuna atakayesema chuo kipo.

Basi twaweza kusema kwamba kitu kinafungwa na maisha yake ya zamani kwa kamba mbili. Kamba ya kwanza ni vitu vyenyewe, yaani mbao, chuma, mawe. Kamba ya pili ni makabidhiano, yaani kila kipya kupokea kipimo na kazi kutoka kwa cha zamani kingali kipo.

Kamba moja ikikatika, nyingine yaweza kushika. Tazameni meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, wakiwa wamekwisha kuzipaka injini zake grisi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Ilikaa miaka kadhaa chini ya maji, ikapata wenye mali wapya na jina jipya, makabidhiano hayakuwapo. Lakini hakuna asemaye kuwa hiyo ni meli nyingine, maana chuma kilichoinuliwa ndicho kilichozama. Kwa upande mwingine, merikebu ya Theseus ilipoteza mbao zake zote, lakini haikuwahi kulala usiku mmoja bila ubao wa zamani kuwa karibu na mpya. Hata hapa kwetu, MV Victoria iliyoanza safari mwaka 1961 ilipumzishwa, ikatengenezwa sana, ikatiwa injini mpya, ikarudi mwaka 2020 na jina refu zaidi; na wengi wetu tunaposafiri kwenda Bukoba tungali tunasema tunapanda Victoria. Hatusemi uongo.

Lakini kamba zote mbili zikikatwa kwa siku moja, kitu kimekwisha, hata kikipakwa rangi ya kwanza. Hilo ndilo kosa la shauri la mkubwa. Si kosa kutumia kitu kipya, wala hata chuma si dhambi. Kosa ni kutupa kipimo pamoja na ubovu. Mara ngapi tumeona jambo hili katika kazi za watu! Kamati mpya inaingia, inaondoa watu wote wa zamani kwa mkutano mmoja, inachoma madaftari yao, halafu mwaka wa pili yashangaa kuona milango haifungiki.

Twende kwa dada, maana hoja yake ni nzito kuliko zote. Ni kweli kwamba ziko mbao ambazo haziwezi kubadilishwa. Katika Kanisa Kuu la Kristo huko Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, mna msalaba wa mbao. Kwa mapokeo ya kanisa hilo, mbao hiyo imetoka katika mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, ambao chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Fundi akisema, "Mbao ile inaanza kupasuka, niondoe nitie mninga safi wa kipimo kile kile," tutamzuia, hata kama mninga wake ni bora mara kumi. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya mbao ile si kubeba uzito. Kazi yake ni kushuhudia. Shahidi hawezi kubadilishwa na mtu mwingine mwenye kimo kile kile.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mbao yoyote kuukuu yatupasa kuuliza: kazi yake ni kubeba au ni kushuhudia? Mbao ya Traveller ilichongwa ili ibebe paa juu ya vichwa vya watu. Mbao ya kubeba isipoweza kubeba, kuibakiza mahali pake kwa sababu ya mapenzi si kuiheshimu, ni kuilazimisha iseme uongo kila siku. Nayo yaweza kuua. Mjukuu akikaa nyuma ya gari lile, paa haliulizi kama aliyeacha mbao zile alimpenda babu.

Dada hakushawishika kwa maneno haya, wala hatumlaumu. Kilichomgeuza kidogo ni kitu alichokitoa fundi. Alipoufungua ubao wa chini wa kushoto, alikuta kwamba kuanzia kwenye gurudumu kwenda nyuma haukuwa eshi. Ulikuwa mninga, umeungwa kwa mshazari mzuri, na gundi yake bado ilikuwa imeshika. Mninga haumei Uingereza. Maana yake ni kwamba baba yao, au fundi wake, alikwisha kubadilisha mbao ile miaka mingi iliyopita, naye akaendelea kuendesha gari lake, akiliita gari lake. Zile mbao ambazo binti alitaka zisiguswe kwa heshima ya baba, baba mwenyewe alizigusa. Dada alikaa juu ya kigoda cha fundi akakiangalia kile kiungo muda mrefu. Kisha akasema kipande kile kisitupwe, apewe yeye. Tuliona ni haki. Kile kipande sasa kazi yake si kubeba. Ni kushuhudia, na mashahidi hukaa ndani ya nyumba.

Jambo hilo lilitatua pia swali la mbao ya kutumia. Eshi haipatikani hapa, na huko Ulaya kwenyewe miti hiyo inakufa kwa ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa Poland katika miaka ya 1990 na kuonekana Uingereza mwaka 2012. Mvule huvumilia maji kuliko eshi, lakini haupendi kupindwa, na fremu ile ina mapindo mengi. Mninga ukishakauka haucheziki sana, hautanuki wala hausinyai kwa kiasi kikubwa. Fundi aliuchagua mninga, na familia ikakubali kwa kuwa mwenye gari alikwisha kuuchagua kabla yao.

Limebaki shauri la mdogo. Hapa hatutaki maneno yetu yawe laini. Kuuza si kosa. Puti si kosa, kama imezibwa palipokwaruzwa tu. Kosa ni neno moja dogo, yaani kusema "la asili" juu ya kitu ambacho ndani yake kimeoza. Mnunuzi hawezi kuona ndani ya kiungo. Abiria wa mashua hawezi kuyaona mataruma yaliyo chini ya sakafu. Anapanda na watoto wake kwa kuamini. Ndiyo maana katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, habari za mfalme Yoashi na matengenezo ya hekalu, twaambiwa kwamba wasimamizi waliopewa fedha za kuwalipa maseremala na waashi hawakutakiwa kutoa hesabu, kwa kuwa walifanya kazi kwa uaminifu. Tumezoea kusoma habari ile kama habari ya fedha. Lakini fikirini pia juu ya kazi yenyewe. Fedha zaweza kuhesabiwa na mtu yeyote ajuaye kujumlisha. Kiungo kilichofungwa ndani ya ukuta hakihesabiki. Anayekijua ni aliyekifunga na Mungu wake. Mahali ambapo jicho la mnunuzi haliwezi kufika, ndipo ambapo neno la muuzaji linatakiwa kuwa kweli zaidi.

Dunia imeliona jambo hili. Hati ya Venice ya mwaka 1964, inayohusu majengo ya kale, inataka sehemu mpya zipatane na za zamani, lakini ziweze kutambulikana, ili historia isighushiwe. Hati ya Turin, iliyotolewa na shirikisho la kimataifa la magari ya kale mwaka 2012, ina fikira hiyo hiyo juu ya magari. Fundi wetu hajazisoma hati hizo, lakini tulipomweleza alicheka, akachukua patasi na kuchonga mwaka katika uso wa ndani wa ubao mpya, upande usioonekana na wapita njia lakini utakaoonekana na fundi atakayekuja kuufungua baadaye. Nasi tuliwashauri ndugu wafungue daftari, waandike ubao gani umetolewa, lini, umetiwa mbao gani, na nani amefanya kazi. Siku gari likiuzwa, daftari liende nalo. Mdogo wao alilalamika kwamba daftari litapunguza bei. Huenda ni kweli. Lakini kile kitakachopunguka hakikuwa chake. Kilikuwa cha mnunuzi tangu mwanzo.

Je, tumelijibu swali? Twaona hivi. Gari lile ni lile lile iwapo kila ubao mpya umepokea kipimo kutoka kwa ubao wa zamani, na iwapo hakuna anayefichwa kilichofanyika. Sharti la kwanza ni la ufundi, la pili ni la dhamiri, wala moja halitoshi bila jingine. Fundi hodari asemaye uongo ametengeneza kitu kingine chenye sura ile ile. Na mtu mkweli aliyetupa kipimo atakuwa na ukweli tu wa kusimulia, bila gari.

Mpaka tunapoandika, ubavu wa kushoto umekwisha na mlango wake unafungika kwa kidole kimoja. Wa kulia unangoja fedha. Mkubwa analipia mbao, dada analipia fundi. Mdogo bado anataka kuuza, nao hawajakubaliana. Lakini wanasemezana, na daftari lipo.

Tumalizie kwa ombi, maana mwalimu hawezi kuondoka darasani bila kuacha kazi ya nyumbani. Katika parishi yetu zimo mbao nyingi za zamani ambazo bado zimeshika umbo. Yuko mzee ajuaye mpaka wa kiwanja cha kanisa ulipita mti gani kabla haujakatwa. Yuko mama ajuaye sauti ya tatu ya nyimbo ambazo kwaya ya vijana inaziimba kwa sauti mbili tu. Yuko mweka hazina mstaafu ajuaye ahadi zilizotolewa na ambazo hazikuandikwa. Vijana, kazi ni yenu na mtaichukua. Hatuwaombi mtuache mahali petu mpaka tuoze. Tunaomba kila kikundi kitafute daftari moja, kimwendee mzee mmoja kabla ya mwisho wa mwaka, kimuulize, kiandike. Akina mama wameahidi kuanza na yule wa sauti ya tatu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya usafi wa kanisa.